Ratiba ya mazoezi katika Football Manager: anzia siku ya mechi, rudi nyuma

Wachezaji wengi wa Football Manager, mchezo wa kompyuta wa kuongoza klabu ya soka, wakikutana, iwe Kampala, Jinja au Arua, mazungumzo ni ya mbinu: 4-3-3 au 4-2-3-1, winga wa kukata ndani au wa kushika mstari. Kalenda ya mazoezi ameachiwa kocha msaidizi. Ikifika Februari kikosi kina majeruhi sita, mabeki waliobaki hawakimbii tena baada ya dakika ya 60, na lawama zote zinatupiwa mbinu. Mara nyingi mbinu haina kosa. Kosa liko kwenye kalenda, na lilianza wiki kadhaa kabla ya matokeo kuharibika.

Hoja yangu ni moja. Wiki ya mazoezi hupangwa kwa kuanzia siku ya mechi, kisha unarudi nyuma siku baada ya siku hadi ufike kesho yake mechi iliyopita. Anayeanza na Jumatatu na kujaza nafasi kwa sababu tu ameziona tupu, anaichosha timu yake kila wiki bila kujua.

Maelezo haya ni ya toleo la 2024 la kompyuta. Mfumo wenyewe wa vipindi na kalenda uliingia na toleo la 2019, kwa hiyo mwenye matoleo ya katikati hapo atayakuta mambo karibu yale yale. Toleo la simu limerahisisha mazoezi sana; wa simu achukue yale ya kupumzisha wachezaji. Skrini iko kwa Kiingereza, basi panapohitajika kubofya nimeandika jina kama utakavyolikuta.

Siku moja, nafasi tatu

Fungua Training, halafu Calendar. Kila siku ina nafasi tatu: kipindi cha kwanza, cha pili, na cha ziada. Nafasi tupu si uzembe. Mchezo unaipa thamani nafasi ya mapumziko kama unavyoipa thamani nafasi ya kazi, na kikosi kinachofanya vipindi vitatu siku nne mfululizo hakiwezi kufika Jumamosi kikiwa kizima.

Kabla ya kuweka kipindi chochote, kisome. Ukikichagua kinakuonyesha mambo matatu. La kwanza ni mgawanyo kwa asilimia: makipa wanapata kiasi gani, kundi la ulinzi kiasi gani, kundi la ushambuliaji kiasi gani. La pili ni sifa zinazofanyiwa kazi. La tatu, ambalo wengi hulipita, ni athari za pembeni: utimamu wa mwili, uchovu, wepesi wa mechi (jinsi mchezaji alivyo tayari kucheza), hatari ya majeraha, mshikamano wa timu. Endurance inajenga pumzi, Resistance inajenga nguvu, Quickness inajenga kasi na mchomoko. Zote tatu zinalipwa kwa uchovu na kwa hatari ya kuumia. Team Bonding haimfundishi mtu kupiga pasi, lakini inajenga mshikamano, na kikosi chenye wachezaji wapya saba kinauhitaji mshikamano huo kuliko kinavyohitaji kipindi kingine cha mashuti.

Kisha nenda Units uhakikishe kila mchezaji yuko kwenye kundi linalomfaa. Makundi ni matatu: makipa, ulinzi, ushambuliaji. Hapa ndipo ratiba nzuri inapoharibika kimya kimya. Kiungo wa chini anayekaa kundi la ushambuliaji atakosa sehemu kubwa ya vipindi vya ulinzi mwaka mzima. Beki wa pembeni unayemtumia kama winga, mhamishe. Mchezaji mpya akisajiliwa huwekwa kwenye kundi kulingana na nafasi yake ya asili, si kulingana na kazi uliyomnunulia, kwa hiyo kila baada ya dirisha la usajili pitia orodha hii upya. Ni kazi ya dakika mbili.

Wiki ya mechi moja

Tuseme mechi ni Jumamosi, nyumbani, na iliyotangulia ilikuwa Jumamosi pia. Jumatatu iache kwanza. Anza Ijumaa.

Ijumaa ina kazi mbili tu: kuiandaa timu kwa mpinzani huyu na kuilaza mapema. Kipindi cha kwanza weka kimoja cha maandalizi ya mechi. Ukikutana na timu inayokushinda uwezo, chagua Defensive Shape. Ukikutana na timu itakayojifungia nyuma, Attacking Movement. Vipindi vya kundi hili vinakupa nyongeza katika mechi inayofuata, kisha nyongeza hiyo inaisha. Ndiyo maana kuvirudia mara tatu katika wiki moja ni kupoteza nafasi ambazo zingemjenga mchezaji kwa muda mrefu. Kipindi cha pili ni Match Preview. Cha tatu kiache tupu.

Alhamisi ni siku ya timu nzima kucheza pamoja. Match Practice inafaa hapa: inaongeza uelewa wa mbinu na inawapa wepesi wa mechi wale ambao hawajacheza. Baada yake weka kipindi cha mipira iliyokufa, kona za kushambulia wiki hii na kona za kuzuia wiki ijayo, au frikiki. Toleo la 2024 limeleta kocha maalumu wa mipira iliyokufa, na ukimwajiri halafu usimpe hata kipindi kimoja kwa wiki, mshahara wake unakwenda bure.

Jumatano ni ya mpira wenyewe. Hapa ndipo utambulisho wa timu unapojengwa: anayecheza kwa kumiliki mpira aweke Possession, anayecheza kwa kushtukiza aweke vipindi vya kushambulia kwa kasi, anayeteseka kwa mabao ya krosi aweke Defending ya pembeni. Cha pili kiwe cha makipa. Nasisitiza cha makipa kwa sababu hilo ndilo lalamiko linalowashangaza watu wengi: kipa wako wa kwanza anakuja ofisini akiwa hana raha, anasema hafundishwi vya kutosha. Anasema kweli. Vipindi vingi vya jumla vinampa kipa sehemu ndogo, na wiki kadhaa bila kipindi chake zinaweza kumkasirisha. Kimoja kwa wiki kinamaliza lalamiko; viwili kama una kipa kijana unayemkuza.

Jumanne ndiyo siku nzito. Weka kipindi kimoja cha mwili na kimoja cha jumla, kile kinachoitwa Overall, au Tactical kama bado mnajifunza mbinu. Kwa nini Jumanne? Kwa sababu mchezaji aliyecheza Jumamosi ameshapumzika siku mbili, na kutoka hapo hadi mechi ijayo ana siku tatu kamili za kurudisha mwili. Kazi nzito ikisogezwa Alhamisi, wachezaji wanaingia uwanjani Jumamosi na alama ya moyo, kipimo cha utimamu wa mwili, ambayo bado haijajaa, na mabadiliko yako matano yote yatakwisha kwa waliochoka badala ya kutumika kugeuza mechi.

Jumatatu ni mapumziko. Ukitaka, weka Match Review kipindi cha kwanza, kisha Rest mbili. Match Review ni nyepesi, na mahali pake ni mapema baada ya mechi, kabla kikosi hakijaanza kuwaza mpinzani mwingine.

Jumapili ni Recovery asubuhi, halafu hakuna kitu. Recovery na Rest si kitu kimoja. Recovery ni kazi nyepesi ya kuondoa uchovu wa mechi na inafaa kesho yake mechi. Rest ni kukaa nyumbani. Wiki inahitaji zote mbili.

Hesabu sasa: Ijumaa viwili, Alhamisi viwili, Jumatano viwili, Jumanne viwili. Vipindi vinane vya kazi, na kati ya hivyo kimoja tu cha mwili. Timu ya kulipwa yenye wachezaji imara inaweza kufika tisa au kumi. Ukizidi hapo, katikati ya msimu, tarajia chumba cha madaktari kujaa.

Mechi ikiwa ugenini, safari inakula nafasi zake kwenye kalenda. Usishindane nayo kwa kubana vipindi vilivyoondolewa ndani ya Jumatano. Ondoa kimoja kabisa, na mipira iliyokufa ihamie siku moja nyuma.

Wiki ya mechi mbili

Hapa kanuni ni fupi: wiki ya mechi mbili si wiki ya kumkuza mtu. Jumamosi mechi, Jumatano mechi, Jumamosi mechi. Jumapili Recovery. Jumatatu kipindi kimoja cha mbinu. Jumanne cha maandalizi na Match Preview. Alhamisi Recovery na mapumziko. Ijumaa kipindi kifupi cha mipira iliyokufa na Match Preview tena. Hakuna Endurance, hakuna Resistance, hakuna nafasi ya ziada. Mechi zenyewe ndizo mazoezi ya wanaocheza, na dakika za mechi nazo zinamkuza kijana.

Ligi ya Uganda haimo katika mchezo huu kama ligi ya kuchezeka moja kwa moja. Wengi hapa hupakia faili la nyongeza lililotengenezwa na mashabiki, ndipo wakaichukua KCCA, SC Villa, Express au Vipers. Ukifika nayo mashindano ya CAF ndipo kalenda inapokujaribu kweli. Vipers halisi, msimu wa 2022/23, iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika baada ya kuitoa TP Mazembe kwa penalti, ikawekwa pamoja na Simba ya Dar es Salaam, Raja ya Casablanca na Horoya ya Conakry. Ukipangiwa kundi la namna hiyo kwenye mchezo, unatoka Kitende, nyumbani kwa Vipers, hadi Moroko, unarudi, na ligi ya nyumbani inakusubiri. Wiki ya namna hiyo weka kalenda yako karibu tupu, na badilisha wachezaji wanne au watano kati ya mechi na mechi. Hata ndani ya nchi umbali si mdogo: kutoka Kampala kwenda Arua ni zaidi ya kilomita 450 kwa barabara, wakati Jinja ni kama 80. Mechi ya Arua katikati ya wiki na mechi ya Jinja katikati ya wiki zisipangiwe ratiba moja.

Wasiocheza ndio tatizo la wiki hizi. Wale kumi wa benchi wanafanya Recovery ambayo hawana uchovu wa kuondoa, na wepesi wao wa mechi unashuka polepole hadi siku unayowahitaji wanacheza kama wageni. Dawa ni kuwapeleka timu ya akiba kwa mechi moja moja, kwa ile amri ya kumfanya mchezaji apatikane kwa timu ya akiba hadi awe tayari kimchezo, au kuwapangia mechi ya kirafiki dhidi ya vijana wenu wenyewe siku ambayo kikosi cha kwanza kinapumzika. Dakika 45 kila wiki zinatosha kumweka mtu macho.

Utimamu na uchovu ni vitu viwili

Mtu akinielewa hapa tu, inatosha. Alama ya moyo inaonyesha utimamu: jinsi mwili ulivyo leo. Huo hushuka kwa mechi na hurudi kwa siku mbili tatu za mapumziko. Uchovu ni deni linalolimbikizwa kwa wiki nyingi. Mchezaji anaweza kuwa na moyo wa kijani asubuhi ya mechi huku akibeba uchovu wa miezi miwili, na huyo ndiye anayechanika msuli wa paja dakika ya 20 bila kuguswa na mtu. Ukiona alama ya Rst pembeni ya jina, mchezaji amechoka kwa kiwango ambacho Jumatatu moja ya mapumziko haitamsaidia. Mpe wiki nzima bila mazoezi, au mtume likizo.

Medical Centre inakupa orodha ya hatari ya majeraha kwa kila mchezaji pamoja na sababu: mzigo wa mechi, mzigo wa mazoezi, uchovu, au maumbile yake. Ifungue kila kabla ya kupanga wiki. Lakini ubora wa taarifa hizo unategemea wataalamu wa sayansi ya michezo na wahudumu wa tiba ulio nao. Klabu ndogo isiyo na hata mmoja inapanga gizani, na kwa bajeti ndogo ningemwajiri huyo kabla ya skauti wa tatu.

Ndani ya Training kuna sehemu ya Rest. Hapo unaamua kikosi kifanye kazi kwa nguvu gani kulingana na hali ya moyo: bila kazi ya uwanjani wala jimu, nusu, kawaida, au mara mbili. Mpangilio ninaouamini ni huu. Mwenye hali bora kabisa na mwenye hali nzuri wafanye kawaida. Wa wastani afanye nusu. Duni na chini yake asifanye kitu. Ile mara mbili inavutia kwa sababu inaahidi maendeleo ya haraka, na ni kweli vijana hukua upesi zaidi nayo. Tatizo ni kwamba kikosi kizima kikiwekwa humo tangu Agosti, kufikia Desemba kila mtu ana deni la uchovu, na mwenye umri wa miaka 30 na zaidi ndiye wa kwanza kuanguka. Itumie kwa wiki zisizo na mechi, na hata hapo kwa wenye Natural Fitness ya juu, 14 kwenda mbele kati ya 20.

Aliyewekwa bila kazi hajifunzi pia. Uelewa wake wa mbinu na mazoezi yake binafsi vinasimama. Ndiyo maana kumweka mchezaji asiye na tatizo kwenye nusu kwa tahadhari tu, mwezi mzima, kunamrudisha nyuma.

Kabla ya msimu

Wiki sita zinatosha, na hizi ndizo wiki pekee ambazo kazi ya mwili inatawala. Wiki ya kwanza na ya pili: vipindi vinne hadi vitano vya mwili, vikigawanywa kati ya Endurance, Resistance na Quickness, pamoja na Team Bonding moja kila wiki. Siku moja kamili ya mapumziko ibaki hata hapa. Wiki ya tatu na ya nne: vya mwili vishuke hadi vitatu, vya Tactical na Match Practice viongezeke. Wiki ya tano: viwili. Wiki ya sita iwe ile wiki ya mechi moja niliyoieleza juu, ili mechi ya kwanza ya ligi isikute kikosi kimetoka kubeba vyuma juzi.

Mechi za kirafiki sita zinatosha. Mbili za kwanza dhidi ya timu dhaifu, na kila mchezaji acheze dakika 45, vikosi viwili tofauti. Mbili za kati dakika 60 hadi 70. Mbili za mwisho kikosi cha kwanza kicheze dakika 90. Usiweke mechi ya kirafiki siku inayofuata kipindi cha Endurance. Makosa mengi ya kabla ya msimu ni hilo: watu wanapanga kirafiki Jumamosi na Jumatano kwa sababu za mapato, halafu wanaacha ratiba ya mazoezi ya wiki isiyo na mechi ikiendelea chini yake.

Mbinu ifundishwe wakati huu. Mchezo unakupa nafasi tatu za mbinu, na uelewa unapimwa vipande vipande: mtazamo, mtindo wa pasi, upana, kasi ya mchezo, ukali wa kukaba, uhuru wa ubunifu, nafasi na majukumu. Ukijaza nafasi zote tatu kwa mifumo isiyofanana kabisa, kikosi kinagawanya muda wake mara tatu na kufika ligini hakijui hata mmoja vizuri. Zifanye ndugu: mfumo wa kwanza, toleo lake la kulinda bao, toleo lake la kutafuta bao. Pasi na kasi zikifanana, uelewa unahama kutoka moja hadi nyingine.

Mazoezi ya mtu mmoja mmoja

Ratiba ya timu inaweka msingi, lakini kila mchezaji ana kazi yake binafsi ndani ya vipindi hivyo. Mpe jukumu la kujifunza lile lile unalomchezesha, isipokuwa una sababu. Kijana wa miaka 18 mwenye kasi asiyejua kumalizia anaweza kufundishwa jukumu la mshambuliaji huku akichezeshwa pembeni. Kisha ongeza mkazo mmoja: Quickness, Final Third, Defensive Positioning na mingineyo. Angalia safu ya mzigo. Jukumu jipya, mkazo wa ziada na tabia mpya ya uchezaji vikirundikwa kwa mtu mmoja, mzigo unakuwa mzito, na mchezaji anaweza kulalamika. Mzigo mzito kwa kijana mwenye bidii ni sawa kwa miezi michache. Kwa beki wa miaka 33, acha mkazo wa mwili kabisa. Kazi yako kwake ni kumfikisha Mei.

Mazoezi hayavuki kipaji. Mchezo unahifadhi uwezo wa sasa na uwezo wa mwisho wa kila mchezaji kwa kipimo cha hadi 200, na ukishafika mwisho huo vipindi vinasogeza sifa huku na huko badala ya kuziongeza. Sifa za mwili hupanda zaidi ujanani. Za akili huendelea kupanda hadi baada ya 30. Kwa hiyo mkazo wa kasi mpe wa miaka 17 hadi 22, na wa maamuzi na kujipanga mpe wa miaka 26.

Malezi ya Mentoring yanahitaji kikundi cha watatu au zaidi. Weka mkubwa mmoja au wawili wenye tabia nzuri na kijana mmoja. Ukiweka vijana wengi na mzee mmoja asiye na heshima katika kikosi, wao ndio watakaombadilisha yeye.

Makocha

Nyota za kocha zinatokana na sifa za fani yake pamoja na tatu ambazo zinaingia karibu kila mahali: Determination, Level of Discipline na Motivating. Mwenye 15 katika hizo tatu na 13 katika fani anaweza kukufaa kuliko mwenye 16 katika fani na 7 katika nidhamu. Mgawe kila kocha kwenye kazi moja, mbili ikibidi. Kila kazi unayomwongezea inapunguza nyota zake kwenye zote. Kocha mmoja mzuri aliyepewa kazi nne ni hasara kwa klabu. Afadhali wawili wa kawaida. Angalia pia safu ya mzigo wa kila kazi, kwa sababu ratiba yenye vipindi vingi vya ushambuliaji inawalemea makocha wa ushambuliaji na kuwaacha wa ulinzi bila kazi. Wa viungo na wa makipa usiwasahau: hizo ni kazi ambazo kocha wa kawaida hazimudu.

Klabu ndogo ambazo wachezaji wake si wa kudumu ni hesabu nyingine. Siku za mazoezi ni chache, vipindi vya wiki vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hapo usijaribu kubana ratiba ya klabu kubwa. Kimoja cha Overall, kimoja cha Match Practice, kimoja cha mipira iliyokufa, na Match Preview. Kona zinaweza kuipa pointi timu ya daraja la chini, kwa hiyo kipindi cha kona ndicho cha mwisho kuondolewa.

Kuhifadhi ratiba

Ukishapata wiki zako, nenda Schedules uzihifadhi kwa majina yanayoeleweka: mechi moja nyumbani, mechi moja ugenini, mechi mbili, wiki bila mechi, kabla ya msimu ya kwanza hadi ya tatu. Ratiba saba zinabeba msimu mzima. Kila mwisho wa mwezi unafungua kalenda, unaweka ratiba kwenye wiki zake, unarekebisha mbili tatu. Wenye laptopu ambayo betri imezeeka wawashe hifadhi ya moja kwa moja kila wiki ya mchezo, maana umeme ukikatika katikati ya kupanga, kazi ya mwezi mzima inapotea. Na ligi zisizo na kazi kwako zizime tangu mwanzo. Laptopu ya kawaida inayopakia ligi za nchi mbili inatembea vizuri, ya nchi kumi inakufanya usubiri hadi uanze kuruka siku bila kuangalia hali ya kikosi.

Kumbuka kwamba kalenda ya kikosi cha kwanza haihusu vijana. Timu yao ina kalenda yake na makocha wake, na msaidizi anaipanga bila kukuuliza. Kijana uliyemshusha huko ili apate dakika anafuata vipindi vya huko na anafundishwa na makocha wa huko. Kama kocha wa vijana ana nyota mbili na wako wana nne, mwache kijana afanye mazoezi na kikosi cha kwanza huku akichezea vijana siku ya mechi. Chaguo hilo liko kwenye menyu ya mchezaji mwenyewe, na ukishaliweka, rudi Units uone ameingia kundi lipi.